Mama Mushahidi na Nyumba Zilizouzwa

Nilipoletwa bibi arusi katika mtaa wetu wa Goma, mama mkwe wangu alinionya jambo moja tu kuhusu jirani. "Ukimusikia anakaribisha mutu na hakuna mutu," alisema, "usishituke. Ni vile alivyo."

Juma halikupita. Nilikuwa nimeinama juu ya maharagwe niliposikia sauti ng'ambo ya ua: "Karibu! Ingia, mulango uko wazi." Nikachungulia juu ya uzio. Njia ilikuwa tupu, vumbi jeusi limetulia, hata kuku hakuna. Mama mmoja mrefu, mkavu kama ufito, alikuwa amesimama mlangoni kwake na mkono juu ya mwimo, anaangalia mahali ambapo uso wa mtu ungekuwa. Alingoja. Kisha akarudi ndani pole pole, bila kuufunga mlango, ingawa upepo wa ziwa ulikuwa ukimsukumia moshi wote wa jiko chumbani.

Huyo ndiye Mama Mushahidi. Jina alilopewa na wazazi wake sikulisikia kwa muda mrefu, na nilipolisikia lilikuwa limeshakosa maana. Watoto walimwita hivyo, wazee msikitini walimwita hivyo, na hata karani wa biro, ile ofisi ya shefu wa mtaa, alikuwa akiuliza, "Mama Mushahidi amesema nini?" kabla hajachovya kalamu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wametukalia. Mtaa wetu ulikuwa wa nyumba za mbao na mabati zilizojengwa juu ya mawe ya mlima, yale mawe meusi yanayokata nyayo. Watu walikuja na kuondoka: madereva, wachuuzi wa kutoka Maniema, mafundi, watu wa Rutshuru na Masisi waliofuata kazi. Kwa hiyo nyumba ziliuzwa na kununuliwa kila mara, na kila mara palizuka ugomvi. Ugomvi ulianzia kwenye neno lenyewe la kuuza. Mgeni alidhani ananunua kiwanja. Mama Mushahidi alimkatiza papo hapo.

"Udongo si wa huyu," alikuwa akisema. "Udongo ni wa Leta, serikali ya Wazungu. Huyu anakuuzia mbao, mabati, choo, na jasho lake. Leta ikisema ondoka, hata jasho utaliacha."

Mauzo yenyewe waliyafanya wanaume, mbele ya shefu, na mashahidi wakaweka kidole. Lakini kabla ya hapo mnunuzi mwenye akili alimtuma mtu kumwita yeye. Kazi yake ilikuwa jikoni. Mwanamume mgeni hawezi kuingia jiko la mke wa mtu na kuanza kumhoji, yeye aliweza. Alikuja na kigoda chake mwenyewe chini ya kwapa, akakaa karibu na mafiga, akamwuliza mke wa muuzaji kama anajua nyumba inauzwa. Siyo kama anakubali, kwanza kama anajua. Kisha nani alibeba mawe ya msingi, nani analala chumba cha nyuma, mama mkwe mgonjwa atapelekwa wapi. Na mwisho, sikuzote mwisho, sauti ikishuka: "Kuna nani ambaye hayuko hapa leo, na siku moja anaweza kurudi kwa mulango huu aseme ni wake?"

Wanawake wengine walicheka. Wengine walilia, na hapo nyumba haikuuzwa, au iliuzwa kwa masharti mengine.

Nimemwona akishika kila kitu kwa mkono. Mlango, dirisha, pipa la kukingia maji ya mvua, hata mawe matatu ya jikoni. "Hii inabaki? Na hii, inabaki?" Watu walidhani ni uzee. Lakini wenyeji walikumbuka mtu mmoja aliyeuza nyumba yake asubuhi, na mnunuzi alipokuja jioni na magodoro akakuta imekuwa kama kinywa kisicho na meno. Milango yote miwili imeng'olewa, madirisha yote yamekwenda. Muuzaji hakuona haya. "Nimeuza nyumba," alisema. "Nani aliongea habari ya milango?" Mnunuzi alilala siku nyingi na magunia yametundikwa mlangoni, mbwa wakiingia na kutoka.

Na mzee aliyefariki hospitali baada ya kukubali kuuza lakini kabla ya kwenda kwa shefu! Watoto wake walikana kila kitu. Matanga yakiendelea, mnunuzi amekaa pembeni, Mama Mushahidi alisimama katikati ya wanawake waliokuwa wakilia. "Baba yenu alisema ndiyo mbele yangu," alisema. "Kufa hakufuti neno la mutu. Mukitaka kurudisha neno lake, murudishe na kila alichopokea, leo, mbele ya hawa wanaomulilia." Mtoto mkubwa alikuwa mtu wa hasira, lakini aliinama. Nyumba ikaenda kwa aliyeahidiwa.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa makaa kupindukia. Aliyafukia majivuni moja moja kama mtu anayezika mali, na ukimwomba kaa la kuwashia alikupa dogo kuliko kidole. Maji ya kunywa, ambayo sisi wote tulipanda nayo mgongoni kutoka ziwani, aliyagawa kwa yeyote aliyepita. Alipenda harusi, akacheza vibaya, nje ya ngoma kabisa, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Alinusa tumbaku na kupiga chafya katikati ya dua. Katika nyumba inayouzwa hakugusa hata chai, lakini kwenye karamu alikula kama askari aliyetoka safari.

Na alikosea. Kulikuwa na mwashi mmoja, mjane, mtu mnyofu sana. Alitaka kuuza ili amfuate binti yake Bukavu. Mama Mushahidi aliingia jiko lisilokuwa na mwanamke, akatoka na shaka, akasema dada wa marehemu mke wake lazima aulizwe. Dada alikuwa mbali Kindu, jibu likachelewa, mnunuzi akachoka. Yule mwashi aliishia kuiacha nyumba kwa mpangaji asiyemlipa, akaenda Bukavu mikono mitupu. Jibu la dada lilipofika lilikuwa fupi tu: hana neno. Nilimwuliza Mama Mushahidi kama hajuti.

"Afazali mutu anisengenye kwa kuchelewesha," alisema. Lakini siku hiyo hakula.

Msemo wake mmoja umenikaa mpaka leo: "Mwenye nyumba ni yule ambaye mbwa hamubwekei." Nilidhani anatania. Baadaye niliona mbwa akimtikisia mkia mwanamke mbele ya mlango ambao haukuwa wake tena, nikaelewa.

Hilo lilitokea hivi.

Mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga vyumba viwili, na watoto walikuwa wameanza kulala vichwa na miguu. Mume wangu alikuwa dereva wa kamio, lori la mizigo, barabara ya Rutshuru mpaka ziwa la samaki kule Vitshumbi. Pembeni mwa njia yetu palikuwa na nyumba ya seremala. Nilikuwa nimeitamani tangu siku ya kwanza. Mbao zake zilikuwa zimerandwa zikakutana bila upenyo, mlango una kufuli ya kweli, na nyuma ya jiko mmea wa marakuja, tunda la pasheni, umetambaa juu ya fito ukafanya kivuli. Seremala akaja mwenyewe kutuambia anauza. Amepata kazi Stanleyville, alisema. Mke wake amekwenda kujifungua kwa ndugu zake upande wa Rutshuru, kama ilivyo desturi. Akipata nguvu atamfuata huko huko na mtoto.

"Na amekubali?" mume wangu aliuliza.

"Ni yeye aliyenisukuma."

Sikulala kwa furaha. Nilishaanza kupanga kitanda kikae wapi. Mume wangu akasema tumwite Mama Mushahidi, kwa heshima tu, ili majirani wasiongee.

Alikuja na kigoda chake. Jikoni hapakuwa na mtu wa kumwuliza, kwa hiyo alikaa peke yake. Mimi nilisimama mlangoni, seremala na mume wangu wakiwa uani. Aliyaangalia mafiga. Akaangalia vyungu vilivyofunikwa vizuri. Kisha akainua uso, nami nikafuata macho yake. Juu ya mafiga, kwenye moshi, palining'inia mafungu ya maharagwe ya mbegu, yamefungwa kwa maganda ya mgomba, fungu kwa fungu.

Alitoka nje. "Miye sisemi ndiyo," aliwaambia.

Seremala alicheka. "Mama, kwa nini?"

"Mwanamuke anayehama hatundiki mbegu kwenye moshi. Huyu anangojea mvua ya hapa."

"Amesahau tu! Ni mambo ya wanawake, mbegu ni kitu gani?"

"Mama," mume wangu alisema kwa upole, "bwana mwenye nyumba mwenyewe anasema muke wake anakubali."

"Nimemusikia. Sasa nimusikie muke."

"Lakini yuko Rutshuru."

"Na weye, barabara ya Rutshuru unaipita kila juma. Usimame umuulize."

Seremala akasema hana muda wa kungoja, watu wa kununua wako wengi, na nyumba aliijenga kwa mikono yake, hakuna mwanamke aliyemshikia nyundo. Sauti ilikuwa imepanda. Mume wangu, ambaye si mtu wa ugomvi, alimgeukia Mama Mushahidi. "Kitu gani kinakuogopesha hivi? Ni neno moja tu. Sema ndiyo, tumalize."

Niliona uso wa Mama Mushahidi ukibadilika rangi. Alikikumbatia kigoda kifuani kwa mikono yote miwili. "Ndiyo," alisema pole pole, lakini hakuwa akijibu. Alikuwa kama mtu anayelionja neno alitambue sumu yake. Kisha akaenda zake.

Tulikosa nyumba. Mume wangu hakuthubutu kununua bila yeye, na kabla kamio yake haijaondoka kwenda Rutshuru kumwuliza mke, muuza nyama wa sokoni alikuwa ameshaweka kidole kwa shefu pamoja na mashahidi wengine. Seremala alipanda gari la kwenda magharibi. Nami nilimchukia Mama Mushahidi, sina haja ya kuficha. Nilipopita na mtungi wangu kuelekea ziwani nilitazama upande wa pili. Nilimsikia nyuma yangu akimkaribisha yule mtu wake asiyeonekana, nikasema moyoni, na akae nawe milele.

Mke wa seremala alirudi mvua zilipoanza. Nilimwona mimi, kwa macho yangu. Alishuka garini, kutoka juu ya mizigo ya viazi, mtoto mchanga mgongoni, amechoka na anatabasamu. Mbwa wa seremala, ambaye alibaki na nyumba, alimkimbilia akimzunguka miguu na kulia kwa furaha. Akafika mlangoni akasukuma. Umefungwa. Akacheka, akabisha, "Hodi!"

Mke wa muuza nyama akafungua. "Karibu, dada. Unatafuta nani?"

"Natafuta nani?" Bado alikuwa akitabasamu. "Weye ni mugeni wa bwana yangu?"

"Bwana yako ni nani?"

"Hii nyumba ni yangu."

"Hii nyumba," yule mwingine alisema, naye alikuwa ameanza kuogopa, "tumenunua sisi. Iko karatasi kwa shefu."

Mtoto mgongoni alianza kulia. Hapo nilisikia vishindo. Mama Mushahidi alikuwa akija mbio, miguu mitupu juu ya yale mawe makali, kitambaa kimemdondoka kichwani. "Karibu!" alikuwa akipiga kelele. "Karibu kwangu! Karibu, mwanangu, usiende, usiende ziwani, karibu!" Hakuna aliyekuwa ametaja ziwa. Alipomfikia alianguka magotini akamshika miguu, na damu ya nyayo zake ikapaka mawe. Yule mwanamke alirudi nyuma kwa hofu. Alidhani amekutana na kichaa. Lakini hakuwa na mahali pengine, basi akajiacha kuongozwa.

Alilala katika kitanda cha Mama Mushahidi, na Mama Mushahidi akalala chini, mbele ya mlango, kama mlinzi.

Kesi ilikwenda tribinali ya mtaa. Mke wa seremala alisema yeye ndiye aliyebeba maji ya kukandia udongo na mawe ya msingi akiwa na mimba ya kwanza, mimba iliyoharibika. Muuza nyama alisema yeye amenunua mchana kweupe, mbele ya shefu, kwa mtu aliyejulikana kuwa mwenye nyumba. Kosa lake ni lipi? Mama Mushahidi alisema habari ya mbegu. Waamuzi walikuna vichwa. Mwisho walisema mume hana nguvu ya kuuza sehemu ya mke bila mke, na mnunuzi aliyenunua kwa nia safi hafukuzwi kama mwizi. Seremala atafutwe, arudishe. Mpaka atakapopatikana, mwanamke apewe chumba cha nyuma na jiko, muuza nyama abaki na vyumba vya mbele.

Seremala hakupatikana kamwe. Ukuta wa mbao ukapigiliwa katikati ya nyumba niliyoitamani. Miaka ilipita na wanawake wale wawili wakiishi pande mbili za ukuta ule, mmoja akisikia kikohozi cha mwenziwe, mmoja akijua mwenziwe amepika nini, bila kusalimiana. Mmea wa marakuja ulikauka kwa sababu hakuna aliyetaka kuumwagia maji kwa faida ya mwingine. Kila nilipopita pale baridi ilinishika. Kidogo tu, nami ningekuwa mle ndani, upande wa mbele.

Mume wangu alimletea Mama Mushahidi samaki mkubwa wa Vitshumbi, amekaushwa vizuri. Hakusema pole, alimnyooshea tu. Mama Mushahidi alimkatalia. "Shahidi hali samaki wa kesi," alisema. Lakini tangu hapo tulianza kwenda ziwani pamoja, mimi na yeye, na siku moja, tumeketi ufukweni mitungi ikiwa imejaa, jua limesimama juu ya maji, aliniambia.

"Ulitaka kujua nani ninayemukaribisha."

"Sikuuliza, Mama."

"Macho yako yanauliza."

Alikuwa na kaka, alisema. Kaka alioa binti wa Kalengera, Mkristo wa watu wanaosema Kinyarwanda. Nyumbani walinung'unika, lakini yeye alimpenda wifi yake; walisukana nywele, walicheka pamoja. Wifi na kaka walijenga nyumba. Baba wa wifi akafa, akaenda kwao kuzika. Huku nyuma kaka akapata mwanamke mwingine, akataka kuiuza nyumba haraka waondoke. Mnunuzi hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kama mke anajua. Kaka akasema, muulizeni dada yangu, wao ni kitu kimoja.

"Wakaniuliza. Nikasema, ndiyo, anajua." Alichota maji kwa kiganja akayaachia. "Alikuwa kaka yangu. Nilimuhurumia. Nilizani nitamueleza wifi pole pole."

Wifi aliporudi akakuta wageni. Walimwonyesha karatasi, na wakamwambia: wifi yako mwenyewe alishuhudia. Akaja kwake.

"Alibisha hodi. Nilikuwa ndani. Nilisikia sauti yake, nikaziba mudomo kwa mukono. Nilimuchungulia kwa upenyo wa mbao. Alibisha, akabisha. Alijua niko ndani, moshi ulikuwa unatoka. Akasema jina langu mara ya mwisho, si kwa hasira. Kama vile anavyoniita tukiwa wawili. Kisha akageuka, akashika njia hii hii tuliyopita na mitungi."

"Halafu?"

"Halafu hakuna. Hakuna aliyemuona Kalengera. Hakuna aliyemuona hapa. Ziwa halikurudisha kitu." Alitazama maji, yale maji ya Kivu yasiyo na sauti. "Pengine alipanda gari. Watu hupanda magari."

Tulibeba mitungi mgongoni. Kupanda kulikuwa kurefu kuliko siku zote.

Baada ya hapo aliishi jirani yangu miaka mingine. Ukishajua, huwezi tena kusikia kama zamani. Alipokaribisha mlangoni kwake, mimi jikoni kwangu niliacha nilichokuwa nikifanya nikasubiri, kana kwamba safari hii nitasikia hatua zikiingia.

Kisha asubuhi moja akatangaza anauza nyumba yake. Mtaa mzima ulishangaa. Mnunuzi, kijana mwenye adabu, alikuja kwangu akiwa na aibu. "Mama, mwenye kuuliza ndiye anayeuza. Sasa nani atamuuliza?" Nikaenda. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na mafiga yaliyopoa, mikono magotini, kama wanawake wale wote aliowahi kuwakalia.

"Uliza," alisema.

Nikauliza nani alijenga. Nikauliza mlango unabaki, pipa linabaki. Kisha nikashusha sauti, kama yeye. "Kuna nani ambaye hayuko hapa leo na anaweza kurudi?"

Aliangalia mlango uliokuwa wazi. "Miye ninakwenda kwao," alisema. "Mwambie kijana anunue."

Mume wangu alimchukua kwenye kamio, na aliporudi aliniambia amemshusha Kalengera, kando ya barabara, na fungu lake moja. Hakutaka asindikizwe. Mume wangu alimwona kwenye kioo cha gari, amesimama palepale, hajachukua hatua.

Hatukupata habari zake. Mwisho wa miaka ile ya hamsini, watu wakiwa wameanza kuongea habari ya uhuru kwa sauti isiyo ya chini tena, tulikuwa na harusi ya ndugu, nikapanda na mume wangu kwenda kuchukua samaki. Tulipofika Kalengera alisimama kununua ndizi. Nikashuka, nikauliza. Mwanamke mmoja alininyooshea mkono juu ya kilima, uso ameukunja. "Yule wa mukecuru," alisema, yaani yule wa bikizee.

Nilimkuta akipalilia maharagwe. Alikuwa amekonda zaidi na salamu yake ya kwanza ilikuwa ya Kinyarwanda. Aliponitambua alicheka, akafuta mikono, akaniketisha kwenye jani la mgomba nje ya nyumba. Aliniuliza habari za kila mlango wa mtaa wetu. Nikamwambia. Kisha nikamwuliza yake.

"Niliwaambia kabla sijakaa," alisema. "Nilisimama hapo kwenye mwingilio wa ua. Nikasema, miye ndiye niliyesema anajua. Ndugu za wifi walichukua fimbo. Mama yake, haoni, kipofu, akawaambia waniache, wanilete karibu. Akanishika uso wote kwa vidole. Akasema, weye ndiye wa mwisho kumuona mwanangu. Basi utakaa hapa."

"Wamekusamehe?"

"Hapana."

"Unafungwa hapa, Mama? Mume wangu yuko barabarani, gari lina nafasi."

"Hakuna anayenifunga. Nalima, napika, namuosha. Ndugu zake hawanisemeshi." Alinusa tumbaku, ile ile tabia. "Kila siku ananiuliza mwanawe alivaa nini siku ile. Namwambia: kikwembe cha njano, kitambaa cheupe kichwani, kiatu kimoja kimekatika amekishika mkononi. Kesho anauliza tena."

"Anasahau?"

"Hasahau kitu. Anangojea siku nitakayogeuza neno. Nikisema cha bluu, atajua mimi ni mwongo, kwamba hata hayo ya njia ya ziwa ni uongo. Basi mwanawe yuko mahali, mzima, amekasirika tu."

Upepo ulipita kwenye migomba. Chini barabarani mume wangu alipiga honi.

"Mama," nilisema, "ni bikizee. Amebakiza siku ngapi? Mupe neno hilo moja. Sema cha bluu."

Aliniangalia kwa muda, bila hasira, kama anavyomwangalia mtu anayetaka kuuza kisicho chake.

"Nilishasema neno moja kwa huruma," alisema.

Kutoka ndani, sauti nyembamba, kavu, iliita. Akainuka akijishika kiuno, akaninawisha mikono kwa maji ya kibuyu, akaniaga, akainama kupita mlango mfupi. Nilikuwa nimeshaanza kushuka kilima. Nilimsikia bikizee akiuliza, kwa Kinyarwanda, na ingawa lugha ile siijui vizuri nilielewa. Palikuwa na kimya kirefu, kirefu kiasi kwamba nilisimama njiani, honi ikilia, nikaomba, sijui niliomba lipi kati ya mawili.

"Cha njano, Mama," alisema.